Noah, kutoka SR40 hadi R90: maswali ninayoulizwa kaunta

Nauza spea za Toyota hapa Mwanga, Kigoma. Wengi wanaosimama mbele ya kaunta yangu wana Noah, ile vani ya Toyota, au wanataka kununua Noah, au wameuziwa Noah juzi na sasa wanajuta. Maswali ni yale yale, basi nimeyaandika pamoja na majibu ninayotoa. Sijasomea uhandisi. Ninayoyajua nimeyapata kwa kushika spea, kupekua katalogi na kukaa na mafundi jioni gereji zikichelewa kufungwa.

Fundi, nimeomba rejeta ya Noah tu. Mbona unanihoji kama polisi?

Kwanza mimi si fundi, ni muuza spea, ila jina hilo nimeshalizoea.

Nakuhoji kwa sababu "Noah" ni jina la ukoo. Ndani ya ukoo huo kuna magari matano tofauti, na spea wanazoazimana ni chache mno. Nilipokuwa mgeni kwenye biashara hii, mteja wa Kasulu alinipigia simu: anataka rejeta ya Noah. Nami nikaagiza Dar kwa maneno hayo hayo, "rejeta ya Noah". Ikaja na treni. Nikaenda stesheni kuipokea, nikaibeba begani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mteja akashuka na basi la asubuhi, tukafungua boksi, tukaisogeza kwenye gari la jamaa yake lililokuwa na rejeta ya aina ile ile aliyoitaka. Hata masikio ya kufungia hayakufika kwenye matundu. Iliyokuja ilikuwa ya AZR60, toleo jipya zaidi. Yeye alikuwa na SR40, Noah ya zamani. Nauli nilimrudishia mimi. Aliyeniuzia Dar alikataa kuipokea, na rejeta ile ikakaa kwenye shelfu yangu miezi saba ikinitazama kila nikifungua duka.

Tangu hapo siuzi hata plagi kabla ya kuona kadi ya gari.

Kwenye kadi niangalie nini? Kuna herufi nyingi.

Tafuta namba ya chesisi. Sehemu ya mwanzo, kabla ya kistari, ndiyo inayotuambia kila kitu. Herufi za mbele zinataja injini, kisha R na namba zinataja bodi.

SR40 maana yake injini ya familia ya S kwenye bodi ya R40. Ukiona CR40, hiyo ni dizeli ya familia ya C. Ikiwa ni SR50 au CR50, gari ni lile lile ila linavuta tairi zote nne. Kuanzia toleo la 2001 utaratibu ukabadilika kidogo: inayovuta tairi zote nne inaishia na 5. Kwa hiyo AZR60 inavuta mbele, AZR65 inavuta zote. ZRR70 na ZRR75 vivyo hivyo. ZRR80 na ZRR85 vivyo hivyo. ZWR80 ni haibridi, yaani ya petroli na umeme. Za karibuni kabisa zinaanza na MZRA90 kwa petroli na ZWR90 kwa haibridi.

Halafu kuna herufi ya mwisho ambayo watu huidharau. ZRR70G na ZRR70W ni gari moja kwa injini, lakini W ndiyo yenye bodi iliyotanuliwa kidogo na mabampa yake mwenyewe. Ukiniomba bampa la "Noah ya 2008" bila herufi hiyo, mimi na wewe tunacheza kamari.

Nimesoma kwamba Noah ina vizazi vinne. Wewe unasema vitano. Nani mkweli?

Wote wawili. Oktoba 1996 Toyota walitoa mapacha, TownAce Noah na LiteAce Noah. Majina ya TownAce na LiteAce yalikuwa ya zamani. LiteAce ilianza 1970 na TownAce 1976. Noah lilikuwa jina la nyongeza tu. Novemba 2001 ndipo Noah ikasimama kwa jina lake peke yake, na Wajapani huanza kuhesabu hapo: 2001, 2007, 2014, 2022. Hizo ndizo nne.

Sisi wa huku tulianza kuijua Noah kwa SR40. Huwezi kumwambia dereva wa Kasulu kwamba gari lililomsomeshea watoto halihesabiwi.

Kwa nini SR40 hazifi? Watu wanatupa gari za 2010, SR40 ya 1999 bado inapanda mlima.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo gari ninaloliuzia spea nyingi zaidi.

SR40 ina injini ya 3S-FE, petroli, cc 1,998, bloku la chuma cha kuyeyusha. Injini hiyo haikuwa ya Noah peke yake. Imo kwenye RAV4 ya kwanza, Ipsum, Corona na Carina za miaka hiyo. Kwa hiyo gasketi, pistoni, plagi, pampu ya oili, vyote vilitengenezwa kwa wingi na mafundi wengi wamejifunzia kazi humo. Tahadhari moja: ndani ni ndugu, nje si lazima wawe ndugu. Kwenye Noah injini imelala kwa urefu wa gari, wakati kwenye RAV4 na Ipsum imekaa kwa upana, basi sampu (bakuli la oili chini ya injini) na manifoldi za huko usizitegemee zikae huku.

Mkanda wa taimingi ukikatika, gari linazima na unakokotwa hadi gereji. Mara nyingi haliharibiki kingine, kwa kuwa kwenye 3S-FE valvu na pistoni hazigongani mkanda ukikatika. Hii isiwe ruhusa ya kuuacha hadi ukatike. Kukatikiwa na mkanda saa tatu usiku katikati ya Uvinza na Kidahwe ni adhabu tosha.

Jambo la pili ni pale nguvu inapotoka. Injini iko chini ya viti vya mbele, propela shafti inapita chini ya sakafu, na tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Jaza watu nane, weka madumu ya mawese nyuma: uzito wote unakaa juu ya tairi zinazosukuma, zinashika ardhi zaidi. Gari linalovuta kwa mbele ni kinyume chake. Ukilijaza nyuma, pua inanyanyuka, na kwenye kilima chenye tope tairi za mbele zinazunguka bure. Matoleo yote kuanzia 2001 yanavuta kwa mbele, ukiacha yale ya tairi nne. Ndiyo maana masika yakikolea unaona madereva wa vijijini wanaulizana SR40 inauzwa wapi.

Dizeli, CR40 na CR50, ina 3C ya turbo, lita 2.2. Inavuta vizuri, ila ikichemka silinda hedi yake (kichwa cha injini) haina msamaha. Baada ya 2001 Noah haikutengenezwa tena na dizeli.

SR40 yangu inachemsha nikipanda Manyovu. Nimebadilisha rejeta, bado.

Mama mmoja wa Buhigwe alinunua kwangu rejeta, kisha mfuniko, kisha pampu ya maji, kwa wiki tatu. Pesa nilipokea, lakini ya tatu nikaona aibu. Nikamwita fundi jirani tukaenda kulitazama gari pamoja.

Fikiria umbo lake. Rejeta iko mbele kwenye pua, injini iko nyuma yake chini ya viti, na mabomba ya maji yanapita chini yakipanda na kushuka. Mengine yanakwenda hadi kwenye hita ya nyuma. Ukimwaga maji na kuyarudisha haraka haraka, hewa inabaki imefungiwa humo ndani. Gari likiwa tambarare Mwanga halionyeshi kitu. Likianza kupanda kutoka ziwani, ambako tuko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kuelekea milima ya Manyovu, injini inafanya kazi kwa mzigo mrefu, ile hewa inasogea, mshale unapanda.

Fundi aliliegesha gari kwenye mteremko, pua ikitazama juu. Injini ikiwa ya baridi akafungua mfuniko wa rejeta. Akawasha hita zote mbili, ya mbele na ya nyuma, hadi mwisho wa joto. Tulicheka, maana ilikuwa saa saba mchana wa Agosti. Akajaza kulanti (maji maalumu ya rejeta) taratibu, akawasha injini, akawa anakanyaga mafuta kidogo kidogo huku mimi nikiongeza. Mapovu yakaanza kutoka. Yalitoka, yakatoka, hadi mpira wa chini wa rejeta ukawa wa moto kwa mkono, maana yake themostati, kizibo kinachofungulia maji injini ikipata joto, imefunguka, na maji yakashuka kwa mara moja kama mtu aliyekunywa kwa kiu. Tukaongeza karibu lita moja na nusu zaidi. Hiyo lita na nusu ndiyo iliyokuwa ikimchemshia gari.

Na themostati usiitoe. Najua umeambiwa. Injini isiyo na themostati inachelewa kupata joto lake, inakunywa mafuta, na tatizo lenyewe linabaki palepale. Pia achana na maji ya bomba matupu. Bloku ni la chuma, linashika kutu, na kutu hiyo ndiyo inayoziba rejeta mpya uliyonunua kwangu.

AZR60 ni nzuri kwa sura, lakini mafundi wanaikimbia. Kwa nini?

Toleo la 2001 lilibadilisha karibu kila kitu. Injini ikatoka chini ya viti ikaenda mbele, ikakaa kwa upana; sakafu ikawa tambarare; milango ya kusukuma ikawa miwili. Kwa abiria ilikuwa kama kuhama nyumba ya udongo kuingia ya tofali. Hakuna tena joto la injini chini ya makalio ya dereva.

Shida iko kwenye injini yenyewe, 1AZ-FSE, ile iliyoandikwa D-4. Kwenye injini za kawaida petroli hunyunyizwa kabla ya valvu, na ikipita huziosha. Kwenye D-4 petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Valvu hazioshwi na kitu. Masizi yanayorudishwa kutoka ekzosi yanajikusanya kwenye njia ya hewa hadi gari likisimama kwenye foleni linatetemeka kama lina homa. Dawa ni kufungua na kusafisha, kazi ya siku nzima, na ni lazima mtu awe na mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Pampu ya presha nayo haipendi petroli chafu. Ukiwa na gari hili usinunue mafuta ya chupa njiani, hata kama aliyekuuzia ni shemeji yako.

Kuna ugonjwa mwingine: bloku ni la alumini, na likichemka sana nyuzi za bolti za silinda hedi zinalegea. Fundi akikwambia gasketi imeungua, mwambie akague nyuzi kabla ya kufunga mpya. Vinginevyo mtaifunga mara mbili.

Je, ni gari baya? Hapana. Aliyeitunza anaitumia hadi leo. Lakini ukiniuliza mimi, kwa mtu anayeishi mbali na mji, sitamshauri.

ZRR70 nayo ina D-4?

Haina, na hapo ndipo ninapowapongeza Toyota. Juni 2007 walipotoa R70 walirudi kwenye unyunyizaji wa kawaida kwa injini ya 3ZR, cc 1,986, yenye cheni badala ya mkanda. Za mwanzo ziko za aina mbili: 3ZR-FE na 3ZR-FAE. Hiyo FAE ina mfumo wa Valvematic unaobadilisha kimo cha kufunguka kwa valvu ili kuokoa mafuta. Baada ya marekebisho ya Aprili 2010 zote zikawa FAE. Uzuri wa FAE ni mafuta; ubaya ni kwamba kile kifaa cha umeme kinachoendesha Valvematic kikifa, bei yake inaumiza. Kwa njia za huku, 3ZR-FE ya 2008 ni chaguo la mtu mwenye akili tulivu.

Wanawake wengi wanaokuja dukani wanaipenda kwa viti vya nyuma. Unavuta kishikio kimoja, kiti cha safu ya tatu kinajirusha chenyewe kando. Mfanyabiashara mmoja wa soko la Kibirizi alinionyesha kwa mkono mmoja, mwingine ameshika simu.

Gia boksi ya CVT ni ugonjwa?

CVT iliingia kwenye Noah Agosti 2004, AZR60 ilipofanyiwa marekebisho. Kabla ya hapo ilikuwa otomatiki ya gia nne. Haina gia za kubadilika, ina mkanda wa chuma unaoteleza kati ya puli mbili. Ikihudumiwa inadumu. Inayoiua ni oili. Kuna mtu alimimina ATF ya kawaida, oili ya gia boksi za otomatiki, akafika Mwandiga tu, gari likaanza kuvuta kwa mishtuko. Toyota wana oili ya CVT ya TC na ya FE, na kila gari lina yake kwenye kitabu. Usichanganye, na usikubali kuambiwa "oili ni oili".

Na mlima mrefu ukiwa umejaza watu, toa mguu kidogo. CVT haipendi kukandamizwa dakika kumi mfululizo.

Kwa nini Noah zote za petroli zina injini ya cc 2,000 au chini? Kwa nini hawakuweka 2,400?

Swali zuri, na jibu liko Japani. Kule gari linaingia kundi la "namba 5" likiwa na urefu usiozidi mita 4.7, upana usiozidi mita 1.7, kimo kisichozidi mita 2 na injini ya petroli isiyozidi cc 2,000. Ukivuka kimoja tu, unaingia kundi la namba 3. Noah ilichorwa ndani ya boksi hilo kwa miaka zaidi ya ishirini. Angalia upana wa R60, R70 na R80 za kawaida: milimita 1,695. Wamebakiza tano tu. Urefu wa R80 ni 4,695. Wamebakiza tano tena.

Ndiyo maana kila toleo lilitafuta nafasi kwa kucheza na sakafu, kimo na viti, maana kwa upana hawakuwa na pa kwenda. R90 ya Januari 2022 ndiyo iliyovunja boksi: upana 1,730.

Bahati nzuri kwetu, cc isiyozidi 2,000 inasaidia pia kwenye ushuru wa kuingiza gari. Ila uchakavu unatozwa kivyake kwa magari ya umri mkubwa, kwa hiyo kabla ya kutuma pesa Japani ingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, weka mwaka na modeli, uone mwenyewe. Usimwamini dalali aliyekukokotolea kichwani.

Voxy ni nzuri kuliko Noah?

Ni gari moja. Noah ilipelekwa kwenye maduka ya Corolla huko Japani, Voxy kwenye maduka ya Netz, na sura ya mbele ikafanywa ya kijana. Esquire ya Oktoba 2014 nayo ni R80 iliyovaa suti. Spea za injini na chini ni zile zile. Taa, bampa na shoo la mbele (grili) ndivyo vinavyotofautiana. Kuna wateja wananilipa kwa uchungu nikiwaambia hivi, wameshajigamba mtaani.

R80 si iko chini mno kwa barabara zetu?

Iko chini. Januari 2014 walishusha sakafu milimita 85 ukilinganisha na R70 ili bibi na mtoto waingie bila kupandishwa. Kwenye lami ya kwenda Kasulu au Manyovu utafurahia. Ukichepuka kuingia kijijini, ekzosi na bampa ndivyo vinavyokwenda kwanza. Watu wanaweka vipande vya kunyanyulia springi. Vinasaidia, lakini usizidishe: ukinyanyua sana, jointi za ekseli za mbele zinapinda kwa pembe isiyo yake na buti zake za mpira zinapasuka. Nimeuza jointi nyingi kwa waliotaka kuigeuza Noah iwe Land Cruiser.

Haibridi itaweza Kigoma?

ZWR80 inatumia injini ya 2ZR-FXE, cc 1,797, ile ile ya Prius. Kwa kipimo cha Kijapani walitangaza kilomita 23.8 kwa lita. Hicho ni kipimo cha kwenye mashine, hakikupanda Manyovu na magunia ya maharage, lakini hata nusu na robo yake ni kitu.

Betri yake kubwa iko chini ya viti vya mbele na inapozwa na hewa ya ndani ya gari. Vumbi letu jekundu linaziba njia ya hewa hiyo, feni inalalamika, betri inapata joto na kuzeeka kabla ya wakati. Kila ukifanya sevisi ya oili, mwambie fundi asafishe na hapo. Asiyejua pako wapi, mpeleke gari mwingine.

Ni ya kuvuta mbele tu. Haibridi ya tairi zote nne ilikuja na R90.

SR40 kuwa na mlango mmoja tu wa kusukuma kuna shida gani? Baba yangu aliuona wa kutosha.

Baba yako ana haki akiwa upande huu. Mlango wa SR40 uko kushoto, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo abiria anashukia pembeni mwa barabara. Vuka Manyovu uingie Burundi: kule wanaendesha kulia. Mlango ule ule sasa unafungukia katikati ya barabara, watoto wanashuka mbele ya malori. Wanaofanya biashara ya mpakani, chukueni kuanzia AZR60, yenye milango pande zote.

Kwa milango ya umeme ya R60 na R70: reli zisafishwe kwa brashi na kitambaa, kisha mafuta mepesi. Girisi nzito inakamata vumbi, inakuwa msasa, mota inavuta hadi waya unakatika nyuzi. Ukisikia mlango unalia "krrr" kabla ya kufunga, umeshachelewa kidogo.

Naweza kubeba abiria kwa Noah yangu ya familia, siku mojamoja tu?

Bila leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ya biashara, hapana. Siku ya ajali kampuni ya bima itauliza swali moja tu: abiria walilipa nauli? Na hesabu viti. Nabii Nuhu alipakia wawili wawili. Makonda wetu wanapakia wanne wanne kwenye kiti cha watu watatu.

Mke wangu anataka gari la familia, mimi nataka la kazi. Tuna pesa ya gari moja.

Kaka, kama mnaishi mjini na kazi yako haitoki kwenye lami, ZRR70 yenye 3ZR-FE. Kama shamba liko ndani huko na masika lazima ufike, tafuta SR40 au SR50 iliyotunzwa, umwombe shemeji yangu radhi kwa niaba yangu. Ukiipata SR50 ya tairi nne, lala chini uitazame kwa tochi: nyingi zilitumika maeneo ya theluji Japani, kule barabara zinamwagwa chumvi, na chumvi hiyo inakula chesisi na mabomba ya breki. Rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu inanipa wasiwasi kuliko kutu yenyewe.

R90 utaiona zaidi kwenye picha kuliko barabarani hapa kwetu, kwa bei yake. Nayo ina kitu nilichokipenda: kidaraja kinachojitokeza mlango ukifunguliwa, bila mota, kwa vyuma tu. Hakina waya wa kukatika.

Nabeba samaki kutoka Kibirizi kwenda Kasulu. Sakafu imeanza kuwa laini.

Ng'oa kapeti leo. Maji ya barafu ya migebuka yana damu, yanapita kwenye kapeti, yanakaa kwenye sponji lake chini, hayakauki. Kwa juu unaona kapeti safi, unapuliza manukato. Kwa chini bati linaoza. Mteja mmoja alinyanyua kapeti hapa mbele ya duka, tukaona lami kupitia tundu la ukubwa wa kisosi, karibu kabisa na reli ya kiti cha safu ya pili. Kiti ambacho huwa anamkalisha mwanawe.

Kata palipooza, chomea bati jipya, paka rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, ziba maungio. Kapeti usirudishe, tandika turubai zito linalopanda kuta za pembeni kwa sentimita kumi, na samaki wakae kwenye matenga ya plastiki yenye mfuniko. Ukifika Kasulu, fungua milango yote, mwagia maji baridi, acha gari wazi likauke kabla ya kurudi. Na mizibo ya mpira ya sakafuni, ile ya kutolea maji, ninayo, ila njoo na kadi.